Ngalawa ya Mto Mzinga: safari tamu, viatu chapachapa

Jumamosi tulilipa 15,000 kwa kichwa, tukapanda ngalawa kule Mto Mzinga unakoingia kwenye mikoko kabla ya bandari ya Dar. Kijana aliyetuongoza anajua ndege mpaka basi, ila jina la mto akaliparamia: eti mizinga ya Wajerumani! Mzee mmoja wa Kizaramo aliyekuwa anashona nyavu akaguna, "Mjukuu wangu, kwetu mzinga ni wa nyuki." Akaonyesha kwa mikono gogo lililochimbwa ndani, linaning'inizwa mtini. Na mto jirani ni Kizinga, sasa hicho nacho kilipiga vita gani? Akanimaliza.

Ngalawa yenyewe inavuja. Kopo la kukumba maji tukapewa sisi abiria. Wakimpakia yule mzee, narudi.