Mpini wa khukuri: kuusugua au kuuvika mpira?

Khukuri, yaani visu vizito vilivyopinda vya Nepali, nyingi zina mpini wa mbao au pembe ya nyati-maji, wenye pete iliyoinuka katikati. Ukichanja kuni kwa muda mrefu kambini, pete hiyo huweza kukutoa malengelenge.

Kuisugua kwa tupa, kisha msasa na mafuta ya kitani, huufanya mpini ujae vizuri kiganjani. Lakini kilichoondolewa hakirudi. Na usiguse kitako kilichopanuka: ndicho kinachozuia kisu kuchomoka mkononi unapopiga. (Pembe ikisuguliwa hunuka kama nywele zilizoungua, fanyia nje.)

Au uuvike mpini mpira: tyubu ya baiskeli hushika hata mvuani, na ukiichoka unaivua. Ila huunenepesha mpini na kufungia unyevu ndani. Wa mbao ningeusugua. Wa pembe, unaoteleza ukilowa, ningeuvika tyubu.