Miezi 14 na kadi ya pointi, baada ya deni la 38,500 kunifungia milango

Nauza vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo: chaja, kava, protekta, spika ndogo. Mara mbili kwa mwaka napanda ndege kufuata mzigo Guangzhou, China. Wenzangu wa pale sokoni ndio walionitia hamu. Kuna kadi ya mkopo, wakasema, benki inakulipia kwanza nawe unairudishia baadaye, na ukilipia tiketi na hoteli unapewa pointi, na pointi zikijaa zinakulipia safari. Nikavaa shati la kola nikaenda benki moja ya mjini. Dada wa mikopo akaingiza namba yangu ya NIDA, akakaa kimya kidogo, kisha akasema taratibu, "Kaka, mfumo unakukataa."

Nilijua kwa nini, au nilidhani najua. Mwaka 2020 mzigo wangu ulikwama kipindi cha corona, nikashindwa marejesho ya mkopo wa benki nyingine. Deni hilo nilikuja kulimaliza 2023 baada ya kuuza Noah yangu. Nikadhani yamekwisha.

Dada yule akanishauri nikachukue ripoti yangu ya mikopo. Hapa kwetu kuna kampuni zenye leseni ya Benki Kuu kwa kazi hiyo, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, na benki na wakopeshaji wanapeleka huko taarifa zetu, nzuri na mbaya. Ripoti yangu ilionyesha mambo mawili. La kwanza, ule mkopo wa benki bado unasomeka nadaiwa. La pili lilinishangaza: mkopo wa simu, shilingi 38,500, kwenye laini niliyoibiwa pamoja na simu Mbagala Rangi Tatu. Laini sikuirudisha, nikanunua nyingine, deni nikalisahau kabisa. Yaani mtu anayelipia kontena analala na doa la elfu thelathini na nane!

Hilo la simu nililipa siku ileile. La benki ndilo lililonitoa jasho. Kampuni ya ripoti haifuti deni kwa maneno yako, lazima aliyekukopesha apeleke marekebisho. Nilienda tawini mara nne kufuata barua ya kumaliza deni. Njoo Jumatatu, meneja yuko semina, mtandao hauko. Mara ya nne nilikaa kwenye kiti cha mbele ya meza yao na chupa ya maji na risiti zangu zote, nikawaambia leo nafunga nao ofisi. Barua ikatoka saa tisa na nusu.

Hata hivyo kadi ya kawaida sikupewa. Nilichopewa ni kadi ya mkopo yenye dhamana: unaweka fedha yako kwenye amana ya muda maalum, wao wanaishikilia, na wanakupa limiti, yaani mwisho wa kutumia kwa kadi, chini ya kiasi hicho. Mimi niliweka milioni 2, limiti ikawa milioni 1 na laki 6. Jirani yangu wa dukani alinicheka, "Unakopeshwa hela yako mwenyewe?" Kweli, inachekesha. Lakini fedha ile inazaa riba kidogo huko iliko, na kila mwezi nikilipa, benki inapeleka taarifa kwamba fulani amelipa kwa wakati. Kwa mtu aliyechafuka kama mimi, hicho ndicho nilichokuwa nanunua.

Sasa pointi. Kwenye kadi yangu, kila shilingi 2,000 unayochanja, yaani unayolipa kwa kadi, unapata pointi moja, na pointi moja ukiitumia kwenye safari ina thamani ya shilingi 10. Kwa miezi 14 nimechanja kama milioni 14: tiketi, hoteli, mafuta, manunuzi ya nyumbani supamaketi. Nikapata pointi 7,000, yaani shilingi 70,000. Ada ya kadi kwa mwaka ni 60,000. Piga hesabu mwenyewe.

Na mwezi wa tano nilijikwaa. Ilikuwa wiki ya kufungua mzigo, tarehe ya kulipa ikapita siku tatu. Nilikuwa nadaiwa laki 9. Riba asilimia 3, elfu 27. Faini ya kuchelewa, elfu 20. Jumla 47,000. Ili pointi zinirudishie hiyo hela natakiwa nichanje milioni 9 na laki 4! Tangu siku hiyo nalipa deni lote kila ijumaa ya mwisho wa mwezi kabla sijala mchana, silipi kile kima cha chini wanachokuandikia kwa herufi nene. Na kutoa fedha taslimu ATM kwa kadi ya mkopo sithubutu, maana riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, na ada juu yake.

Guangzhou kadi ilinisaidia na ikaniumbua. Sokoni Wachina hawataki kadi ya plastiki, wanataka Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu. Niliunganisha kadi yangu na Alipay, ikafanya kazi, ila malipo yakizidi yuan 200 unakatwa asilimia 3. Basi vitu vidogo nalipa kwa Alipay, mzigo mkubwa natuma kwa njia zangu za kawaida. Aibu ilikuwa hotelini Xiaobei. Walishikilia sehemu ya limiti yangu kama dhamana ya chumba, mimi sikujua, na jioni kadi ikagoma kwenye chakula mbele ya watu niliowaalika. Akalipa Msukuma mmoja wa Mwanza, hadi leo ananitania. Kama limiti yako ni ndogo, uliza dhamana ya hoteli kabla ya kutoa kadi. Na mashine ikikuuliza ulipie kwa shilingi au kwa yuan, chagua yuan, maana ukichagua shilingi wanakupangia kiwango chao cha kubadilisha fedha.

Kilichonipa faida ya safari kuliko kadi ni kitu cha bure. Nasafiri na Ethiopian kupitia Addis miaka yote na sikuwahi kujiunga na ShebaMiles, mpango wao wa kuwapa abiria maili, yaani pointi za safari. Kujiunga hakuna malipo, hakuna anayeangalia ripoti yako ya mikopo, na maili unazipata kwa kusafiri nao. Tiketi za bei ya chini zinapewa maili chache, na hata tiketi ya maili utalipia kodi za uwanja, lakini anza na hicho kabla hujaenda kuomba kadi yoyote.

Zile pointi 7,000 nilizitumia mwezi uliopita kupunguza tiketi ya mke wangu kwenda Bukoba msibani. Akaangalia bei iliyobaki, akaniangalia mimi. "Baba Nasra, ndiyo ile tiketi ya bure?"

Ningeipa kadi nyota tatu kwa pointi na tano kwa ripoti. Juzi nimechukua ripoti mpya: mkopo wa benki umefungwa, ile 38,500 inasomeka sifuri. Dada wa mikopo amenipigia, anasema naweza kuachiwa milioni 2 zangu na kupewa kadi isiyo na dhamana, limiti milioni 4. Nimemwambia asubiri nirudi na mzigo wa Agosti.