Plagi za pikapu ya petroli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwanza hakikisha pikapu yako ni ya petroli. Hilux nyingi za mizigo ni za dizeli, na dizeli haina plagi ya cheche. Ile iliyomo ni hita ya kuwashia injini ikiwa baridi. Kisha fungua plagi ya zamani usome maandishi yake. Kwenye plagi za kampuni ya NGK, mfano BPR5EY ya injini ya Toyota 22R, hiyo 5 ndiyo kipimo cha joto: namba ikipanda, plagi inapoa haraka zaidi. Denso nao huhesabu hivyo (16, 20, 22), ila Bosch wamegeuza, namba kubwa ndiyo ya moto. Muuzaji akikuambia "zote sawa tu bosi", hamia duka la pili.

1. Nikeli ya kawaida. Mafundi huiita ya kopa, ingawa kopa imejificha ndani; ncha inayotoa cheche ni nikeli. Kwa pikapu ya kabureta hii ndiyo chaguo langu. Ni kweli inalika upesi, kilomita 20,000 hadi 30,000 unabadili. Lakini injini iliyochoka huiua plagi kwa masizi na oili kabla ncha haijalika, sasa ya bei mbaya ya nini?

2. Iridiamu. Inunue kama injini ni ya VVT-i (zile za Toyota zinazojirekebishia muda wa valvu kufunguka), kila plagi ina koili yake, na ndivyo kiwanda kilivyoagiza. Zile za maisha marefu hufika kilomita 100,000. Gepu yake, yaani nafasi inayorukwa na cheche, usiichokonoe, maana ncha ni nyembamba mno, nyingine 0.4 mm, na huvunjika.

3. Platinamu. Si mbaya. Chukua ukikosa iridiamu.

4. Za miguu mitatu au minne, yaani vile vyuma vya pembeni vinavyopokea cheche. Watu hudhani zinatoa cheche nne kwa mpigo. Cheche huruka kwenye mguu mmoja tu kila mara; faida yake ni kudumu, nguvu haiongezeki.

Mkiani: feki, na zile kuukuu zilizopigwa mchanga zikang'aa. Mwaka juzi nilinunua seti ya nne, boksi safi, bei nzuri kupita kiasi. Siku ya tatu gari likaanza kumisi kila nikipanda mlima na mzigo. Nilipozifungua, washa (ile pete ya chuma ya kuzibia) ya moja ilinidondokea mkononi. Oriji washa yake imebanwa chini ya uzi, haichomoki kirahisi hivyo. Nikasugua maandishi kwa kitambaa chenye petroli, yakafutika yote. Ncha ya katikati nayo ilikuwa imeegemea upande. Tangu hapo nafungua boksi palepale kaunta, naangalia washa, maandishi na ncha moja moja, hata muuzaji akinuna.

Wakati wa kufunga, zungusha kwa mkono hadi uzi ushike, ndipo utumie spana. Hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini, ukiingiza upande umeununua mgogoro.

Na zile ulizotoa usizitupe kwanza. Nyeusi kavu kama sufuria ya kuni: petroli inazidi. Nyeupe: injini inachemka, au petroli haitoshi. Ikiwa moja tu imelowa oili na nyingine ni kavu za kahawia, hela ya iridiamu mpelekee fundi akuangalizie ringi na sili za valvu za silinda hiyo.