Ukishafunga sola, nunua kisanduku kipi cha breka?

Kisanduku cha plastiki cha nyumba yetu ya Kahawa West, Nairobi, kilikuwa na breka sita, na kwa miaka mingi hakuna aliyekigusa. Siku tulipotaka kufunga paneli na inveta ya kilowati 3, fundi alifungua kifuniko akaniita nitazame. Skrubu ya nyutro, waya unaorudisha stima, ilikuwa imelegea, na plastiki iliyoizunguka imekuwa kahawia kama chai ya rangi. Shawa ya umeme ndiyo iliyokuwa ikiipika asubuhi baada ya asubuhi.

Kabla ya kushuka Luthuli Avenue au River Road kuulizia bei, chukua karatasi ugawe nyumba. Upande mmoja andika vitu utakavyotaka viendelee stima ikipotea: taa, friji, TV, wifi. Upande wa pili weka vile vitakavyobaki na Kenya Power peke yake: shawa, oveni, pasi. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 huvuta ampea 23 hivi, ilhali inveta ya kilowati 3 inatoa 12.5. Hapo hakuna la kujadiliana.

Njia ya kwanza: visanduku viwili. Cha zamani kinabaki na mizigo mizito, na kidogo kipya kinalishwa na inveta. Ni nafuu kuliko kubadilisha kila kitu, na hata mtoto anaelewa kipi kinazimika na kipi kinabaki. Ila sharti kila laini ihame na nyutro yake. RCD, kifaa kinachokata stima ikivuja, hulinganisha inayotoka na inayorudi. Ukihamisha waya wa moto wa taa ukaacha nyutro kule kwenye kisanduku cha zamani, RCD itaanguka, yaani itakata stima, kila mara mtu akiwasha taa ya choo, nawe utailaumu inveta bure. Kama cha zamani kimeungua kama chetu, usikihurumie. Sisi tulinunua viwili, vyote vya chuma.

Ya pili: kimoja kikubwa cha chuma, kila laini na RCBO yake, yaani breka na RCD katika kifaa kimoja. Friji ikivuja stima, inaanguka laini ya friji tu, taa zinabaki. Gharama ndiyo inayokishusha, kwani RCBO moja inakula bei ya breka kadhaa za kawaida. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Baadhi ya RCBO zina upande wa kuingia na wa kutoka, umeandikwa kwenye mwili wake. Inveta inayosukuma stima kurudi kisandukuni ikipitia RCBO ya aina hiyo, kifaa kikianguka kinaweza kubaki na stima upande wa pili kwa muda mfupi, koili yake ikaungua. Siku nyingine hakianguki tena, na kwa macho hutajua. Kanuni za Uingereza, BS 7671, ziliongezewa sharti kuhusu hili mwaka 2024. Kwa laini ya sola omba inayofanya kazi pande zote mbili.

Ya tatu: kisanduku cha RCD mbili. Kinatosha kwa bajeti ya kati, mradi usiziweke taa zote chini ya RCD moja. Tazama alama usoni: wimbi pekee ni aina ya AC, wimbi lenye vilima vidogo chini yake ni aina ya A. Penye inveta usinunue AC, maana uvujaji wa DC (stima ya upande mmoja, kama ya paneli na betri) unaweza kuifanya isiutambue mvujo. Baadhi ya inveta hudai aina B. Kitabu chake kitasema.

Ya mwisho: breka moja ya inveta kwenye nafasi tupu ya kisanduku cha zamani. Utaambiwa ni kazi ya nusu saa, na ni kweli. Mimi nisingelala.

Usichanganye kampuni ndani ya kisanduku kimoja. Iwe Schneider, Hager, ABB au Chint, chagua moja, kwa sababu meno ya baa ya shaba inayoziunganisha breka hayakai sawa kwenye breka za wengine, na mguso mbovu huleta joto. Breka za upande wa paneli nazo ziwe za DC. Stima ya AC, ile ya Kenya Power, hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche ikapata mwanya wa kuzimika. Ya DC haipumziki, na breka ya AC iliyowekwa hapo inaweza kuwaka moto badala ya kukata.

Fundi akuonyeshe leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Ya sola si ile ya waya za nyumba. Kabla hujamlipa, azime swichi kuu, nyumba iendeshwe na betri, kisha apime RCD kwa kipimo chake. Kitufe cha kujaribu hakitoshi, kwa kuwa kinajaribu kifaa chenyewe, si waya wa ardhini. Kwetu mara ya kwanza RCD haikuanguka: inveta ilikuwa haijapangwa kuunganisha nyutro na ardhi Kenya Power inapokatika. Alirekebisha kwenye menyu, dakika tano, akapima tena, ikaanguka.

Mlangoni mwa kisanduku tulibandika karatasi ya manjano: STIMA MBILI, ZIMA INVETA PIA. Ni ya fundi mgeni atakayekuja siku mwenyewe sipo.