Hiti presi yangu ya tisheti, miezi minne baadaye

Jamani hii mashine ya kubandika michoro kwenye tisheti kwa moto nimeipigisha kazi miezi minne sasa, ile inayofunguka kama mdomo wa mamba, bamba lake sentimita 38 kwa 38, na ukiniambia niirudishe siirudishi ila kuna mambo. Kwanza kioo cha kuonyesha joto kinadanganya, kinasoma digrii 150 lakini pembeni bamba halijapata moto, mi nimekuja kujua baada ya kuharibu tisheti tatu za mteja, herufi za katikati zimekaa freshi za kando zinainuka kama ganda la kidonda, nikatafuta kipimajoto cha kuelekezea ndo nikaona tofauti ya digrii 12 hivi. Siku hizi mchoro naulaza katikati, ukiwa mkubwa napiga mara mbili.

Filamu ya DTF (ile plastiki yenye mchoro uliochapwa tayari, unauhamishia kwenye tisheti) haisumbui, digrii 150 mpaka 160, sekunde 15 hivi, unaacha ipoe ndo unabandua polepole (kama ni ya kubandua baridi, zingine ni za moto, we soma maelezo yake), halafu unarudia kidogo ukiwa umefunika na karatasi ya kuokea. Vinaili sasa (ile plastiki ya rangi unayokata herufi ukazibandika), usisahau kugeuza maandishi kabla ya kukata, nimeshakata jina la timu nzima kinyumenyume usiku wa manane nikabaki nacheka mwenyewe. Na tisheti ipige tupu kwanza sekunde 5, unyevu ukibaki mchoro haushiki.

Springi ya mkono imeanza kulegea tayari. Nyota tatu na nusu.