Fidla ndani ya dethi metali: uzoefu wangu na Turn Loose the Swans ya My Dying Bride

Niliinunua albamu hii baada ya kuchoshwa na bendi zinazopaka okestra juu ya metali, yaani roki nzito ya magitaa, kama rangi ya kucha. Gitaa linakimbia, dramu zinakimbia, kinanda kinatoa sauti za fidla za bandia huko nyuma, na ukikizima wimbo haupungukiwi na kitu. My Dying Bride walishaonyesha njia nyingine tangu 1993, na kwa sikio langu hakuna aliyewapita.

Ni bendi ya kaskazini mwa Uingereza, pande za Bradford na Halifax, miji ya viwanda vya sufu. Hii ni albamu yao ya pili, ilitoka chini ya lebo ya Peaceville. Nyimbo ni saba tu, lakini ukizijumlisha zinakaribia saa nzima. Fidla na vinanda vyote ni kazi ya Martin Powell. Usitegemee okestra kamili: hayo mavumo mazito unayoyasikia yanatoka kwenye kinanda. Fidla ndiyo ya kweli, na unausikia upinde unavyokwaruza uzi.

Sasa nieleze kwa nini inafanya kazi, maana hapo ndipo pesa yangu ilipopata thamani. Mimi nimekulia kwenye taarabu ya Unguja, ya akina Ikhwan Safaa. Kule fidla humfuata mwimbaji, akivuta pumzi inamjibu, akirudi inamsindikiza. Lahani ni ya mwimbaji. Kwenye dethi metali, lile tawi la metali ambalo mtu hunguruma badala ya kuimba, mwimbaji hana lahani. Aaron Stainthorpe, mwimbaji wa albamu hii, anaponguruma, sauti yake ni uzito na hasira, huwezi kuifuata kwa mluzi. Magitaa nayo yamelegezwa nyuzi, yamekaa chini kabisa pamoja na besi. Kwa hiyo huku juu panabaki patupu, na anayepaswa kuimba hayupo. Fidla inaingia hapo na kuwa mwimbaji. Haigombani na mtu, kwa sababu hakuna mwingine aliyeishika kazi hiyo. Mwendo wenyewe ni wa polepole mno, kwa hiyo Powell anaweza kuivuta noti moja mpaka ikakuchoma, kitu ambacho katika metali ya mbio hakiwezekani.

Anza na wimbo uliobeba jina la albamu. Una dakika kumi hivi, na mngurumo na fidla vinakaa chumba kimoja bila aibu. Kisha The Snow in My Hand. The Crown of Sympathy ni mrefu zaidi, dakika kumi na mbili, na Stainthorpe sehemu kubwa anaimba kwa sauti ya kawaida. Hapa niseme ukweli: mwaka ule hakuwa mwimbaji wa kusifika. Kuna mahali anatafuta noti na haipati. Rafiki yangu mmoja anasema huo ndio utamu, eti mtu mwenye majonzi haimbi sawasawa. Mimi naona ni kukosa mazoezi tu, ila simkatalii kwamba huzuni inafika.

Wimbo wa kwanza na wa mwisho hauna gitaa la mkwaruzo kabisa, ni kinanda, fidla na sauti za watu. Ule wa kwanza, Sear Me MCMXCIII, nauchukulia kama bashrafu, kile kipande cha kufungulia taarabu: unakutuliza, unakuweka mkao wa kusikiliza. Ni ujasiri kufungulia albamu ya metali namna hiyo. Mashabiki wa kurusha nywele nadhani waliduwaa.

Kama utaipenda, utatamani kuendelea, kwa hiyo nikuonye kidogo. The Angel and the Dark River ya 1995 ni nzuri, wengine wanaiweka juu ya hii, lakini mngurumo umeondolewa. Mwimbaji ameshika lahani, na fidla sasa inabidi igawane naye. Mimi naona imepungua makali. Ile ya 1998 haina fidla kabisa, Powell alishaondoka. Mwaka 2011 wakatoa Evinta, wamezichukua lahani zao za zamani na kuziweka kwenye mavazi ya okestra tupu, metali imeachwa mlangoni. Niliisikiliza nikasinzia. Huzuni ile ile, lahani zile zile, lakini hakuna kinachoielemea fidla, basi nayo haina cha kupambana nacho.

Mambo ya kawaida: kwa spika ya simu usijaribu, besi inapotea na unabaki na fidla inayolia peke yake kama imefiwa. Tafuta visikizio vya kufunika masikio au redio yenye spika za maana. Sauti ya dramu ni kavu, ya enzi zile, inataka kuzoewa. Matoleo ya baadaye yana nyimbo za ziada mwishoni. Ukiyapata kwa bei ile ile chukua, lakini usiongeze hela kwa ajili yake.

Nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya zile noti za The Crown of Sympathy.