Diski ya Kuhifadhia Gemu za PS4 na PS5: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Gemu kubwa za PS5 siku hizi zinavuka GB 100, na PS5 ya mwanzo ilikuja na diski ya GB 825 ambayo, ukitoa sehemu inayoliwa na mfumo, inabaki kama GB 667. Hesabu mwenyewe. Zikijaa unafuta moja, na siku ukiitamani tena unaishusha upya kwa bando lako. Mwenye CD naye hajapona: mashine huinakili gemu ndani, kisha inadai masasisho ambayo nayo yanameza bando.

Diski hizi nimezipanga nikimfikiria mtu mwenye mashine moja nyumbani, gemu za kununua, na umeme usiotabirika. Kuchipu mashine, yaani kuifungua icheze gemu zisizolipiwa, sikugusi hapa. Akaunti ikifungiwa, hata ulizolipia hujui utazipataje.

1. HDD (diski yenye sahani inayozunguka) ndogo ya inchi 2.5, TB 2. Ndiyo ningemwambia kila mtu aanze nayo. Ni zile za kutia mfukoni, kama WD Elements au Seagate Expansion, zinazokula umeme kwa waya uleule wa USB. PS4 imezikubali tangu sasisho la 4.50 la Machi 2017, mradi iwe USB 3.0, isipungue GB 250 wala kuzidi TB 8, na uichomeke kwenye mashine yenyewe, siyo kwenye habu (kigawanya milango ya USB). Gemu za PS4 zinachezeka humohumo, hata ukiwa na PS5. Za PS5 zinakaa tu kama stoo. Ukitaka kucheza unazirudisha ndani. Diski inayosoma MB 100 kwa sekunde itarudisha GB 100 kwa kama dakika 17. Unaenda kuinjika chai, ukirudi ipo, na bando halijaguswa. Zenye nembo ya PlayStation mgongoni ziache kama zimepandishwa bei, unalipia rangi.

2. SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani) ya nje, mfano Samsung T7 au Crucial X9. Kazi ileile kwa dakika chache, na ikidondoka haina sahani ya kukwaruzika. Ila nayo haichezeshi gemu za PS5, na kila GB unailipia zaidi. Inamfaa anayetembea nayo.

3. SSD ya M.2 (kipande chembamba kinachochomekwa ndani ya mashine), kwa PS5 tu. Hii ni kuongeza chumba, siyo kuweka akiba. Ndiyo pekee kati ya hizi inayochezesha gemu za PS5. Iwe NVMe ya PCIe Gen4 (kizazi cha nne cha njia ya kupitishia data), Sony wanashauri kasi ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, na iwe na kipoza joto. Yote pamoja unene usizidi milimita 11.25. Ile ya Gen3 uliyoitoa kwenye laptop ya zamani haitakubali.

4. HDD kubwa ya inchi 3.5. Nafasi tele kwa bei nzuri, lakini ina adapta yake ya ukutani. Adapta ikilegea au umeme ukikatika katikati ya kuandika, mashine itaanza kukarabati diski, na gemu nyingine hazitoki salama. Bila UPS (betri inayoshika umeme ukikatika), sikushauri.

5. Flashi. Hapa ndipo watu wanalizwa. Utaona "TB 2" kwa bei ya sahani ya chipsi kuku. Ndani kuna chipu ya GB 32, pengine 64, iliyofundishwa kudanganya. Unanakili, mstari unafika mwisho, hakuna kosa lolote. Siku ya kusoma faili zimeoza. Zipo hata "SSD" ambazo ukibandua kava unakuta memori kadi imegundishwa kwa gundi. Kabla siku za kurudisha bidhaa hazijaisha, ichomeke kwenye kompyuta uendeshe programu ya H2testw: inaijaza flashi yote kisha inaisoma tena, na uongo unajianika.

Flashi halali ya GB 32 ina kazi yake, nayo ni sevu, yaani rekodi ya ulipofikia kwenye gemu. Sevu za gemu za PS4 zinanakilika kwenye USB kupitia mipangilio. Za PS5 haziruhusiwi mojamoja: ni wingu (hifadhi ya mtandaoni) la PS Plus kwa kulipia, au nakala kamili ya mashine nzima. Nakala hiyo inataka diski iliyofomatiwa kwa mtindo wa exFAT au FAT32, wakati diski ya kuongezea nafasi huwa mashine inaifomati kwa namna yake. Diski moja haitabeba kazi zote mbili, kwa hiyo HDD ya zamani usimpe mtu. Ifomati exFAT, na kabla mashine haijaenda kwa fundi, chukua nakala kwanza.